Kutoka Meza ya Maiti hadi Puto la Zurich: Historia ya Shambulio la Moyo

Shambulio la moyo hutokea pale mshipa mmojawapo unaoulisha msuli wa moyo unapoziba ghafla. Moyo husukuma damu usiku na mchana, lakini haujilishi kwa damu inayopita vyumbani mwake. Hutegemea ateri mbili nyembamba, ya kulia na ya kushoto, zinazochipuka kwenye shina la aota na kujitandaza juu ya moyo wenyewe. Mafuta yaliyojijenga kwa miaka mingi ndani ya ukuta wa ateri hupasuka, damu huganda juu ya ufa, njia huziba, na msuli uliokuwa ukilishwa na mshipa huo huanza kufa kabla saa moja haijaisha. Leo hayo yanaelezwa kwa sentensi chache, ila ilichukua zaidi ya miaka 200 kuyafahamu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya madaktari. Walichoshindwa kuamini ni kwamba mtu aliyezibwa ateri ya moyo anaweza kuwa hai kitandani, akiongea nao.

Maelezo ya kwanza yaliyo kamili ya maumivu ya ugonjwa huu yalitolewa London. Mwaka 1768 daktari William Heberden alisoma mbele ya wenzake taarifa ya ugonjwa wa kifua alioupa jina la anjaina, ikachapishwa mwaka 1772. Ni maandishi ya mtu aliyewasikiliza wagonjwa wake. Maumivu humshika mtu akiwa anatembea, hasa akipanda mlima na akiwa ametoka kula, yakamkaba kifua hata akaona kwamba akipiga hatua nyingine atakufa. Akisimama tu, yanaisha. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanaume waliovuka miaka 50. Chanzo Heberden hakukijua. Baada ya taarifa kutoka, msomaji mmoja ambaye hakutaja jina lake alimwandikia kwamba dalili zile ni zake, na akaomba mwili wake upasuliwe iwapo atakufa ghafla, ili wengine wafaidike. Haukupita muda mrefu akafa. Aliyeifanya kazi hiyo ni John Hunter, mpasuaji mashuhuri wa jiji hilo. Hunter hakuona ugonjwa wa maana, na kuhusu ateri za moyo taarifa yake haikusema neno.

Baadaye Hunter mwenyewe akapatwa na maumivu yale yale. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na alijua kwamba hasira ndizo zinazomwamshia ugonjwa. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisema maisha yake yamo mikononi mwa mhuni yeyote atakayeamua kumuudhi. Tarehe 16 Oktoba 1793, katika kikao cha bodi cha Hospitali ya St George, alipingwa hadharani, akatoka chumbani kwa ghadhabu, akaanguka na kufa. Maiti yake ilipopasuliwa, ateri za moyo zilikutwa zimekuwa ngumu kama mfupa.

Mwanafunzi wake wa zamani, Edward Jenner, yule wa chanjo ya ndui, hakushangaa. Siku moja Jenner alikuwa akiukata moyo wa mgonjwa aliyefariki kwa anjaina, na kisu chake kikagonga kitu kigumu chenye changarawe. Alitazama juu darini, maana jengo lilikuwa kuukuu, akidhani lipu imedondoka ndani ya kidonda. Kumbe ilikuwa ateri ya moyo iliyogeuka kuwa mfereji wa mfupa. Alianza kuamini kwamba hapo ndipo penye asili ya anjaina, lakini alinyamaza kwa muda mrefu kwa sababu mwalimu wake alikuwa hai na alikuwa na dalili zilezile; hakutaka amsomee hukumu ya kifo. Fikra hizo alizitoa rafiki yake, Caleb Parry, katika kitabu cha mwaka 1799.

Kwa hiyo karne ya 19 ilianza dalili zikiwa zimeandikwa na ateri mbovu zikiwa zimeonekana. Hapo mambo yakakwama. Rudolf Virchow, Mjerumani, alieleza katikati ya karne hiyo jinsi damu inavyoganda ndani ya mishipa na jinsi mabonge yanavyosafiri. Mwaka 1881 Mjerumani mwingine, Julius Cohnheim, aliripoti majaribio ya kuzifunga ateri za moyo za mbwa: moyo ulisimama ndani ya dakika chache. Akahitimisha kwamba kila tawi la ateri hizo linalisha eneo lake peke yake, kama shamba la mlimani linalotegemea mfereji mmoja, na mfereji ukizibwa hakuna maji yatakayopita kwingine. Hitimisho hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini lilileta madhara makubwa. Vitabu vilichukua kwamba ateri ya moyo ikiziba mtu hufa papo hapo, basi. Ugonjwa ukabaki kuwa wa chumba cha maiti. Hata kabla ya hapo, mwaka 1876, daktari Adam Hammer wa St. Louis, Marekani, alimtazama mgonjwa aliye hai, akasema ateri yake ya moyo imeziba, na uchunguzi wa maiti ukathibitisha. Alipochapisha habari hiyo huko Vienna mwaka 1878, haikuwatikisa wengi.

Tiba nayo ilitangulia maarifa. Thomas Lauder Brunton wa Edinburgh aliona kwamba mvuke wa kemikali iitwayo amili nitriti huituliza anjaina kwa dakika chache, akaandika hivyo mwaka 1867. Mwaka 1879 William Murrell wa London alipendekeza nitrogliserini, dutu ileile inayolipuka ambayo Alfred Nobel aliigeuza kuwa dinamiti na utajiri. Nobel alipougua moyo miaka ya 1890 aliandikiwa nitrogliserini anywe, naye katika barua kwa rafiki alikiri kwamba ni kejeli ya majaliwa. Dawa hiyo inatumika hadi leo, chini ya ulimi, kwa kuwa hulegeza mishipa ya damu. Hulainisha maumivu, bonge lililokwisha kuganda hailiyeyushi.

Imani ya kifo cha papo hapo ilivunjwa na watu wa miji miwili iliyo mbalimbali. Mwaka 1910 madaktari Obraztsov na Strazhesko wa Kiev walieleza wagonjwa walioishi kwa siku kadhaa baada ya ateri kuziba. Miaka miwili baadaye James Herrick wa Chicago akachapisha makala iliyokuja kuwa msingi wa somo zima. Mgonjwa wake mkuu alikuwa mwanamume wa miaka 55, mwenye mwili kidogo, aliyekuwa na afya njema. Saa moja hivi baada ya chakula alishikwa na maumivu makali chini ya kifua. Alitapika. Yeye mwenyewe alidhani ni chakula alichokula, na aliyekuwa karibu naye angeamini vivyo hivyo. Rangi ilimtoka, mapigo yakawa dhaifu na ya haraka, mapafu yakaanza kujaa maji, akili ikabaki timamu. Alifariki baada ya saa 52. Mtaalamu wa patholojia Ludvig Hektoen alipoufungua moyo alikuta bonge la damu katika ateri ya kushoto, karibu kabisa na chimbuko lake.

Saa 52 ndizo zilizokuwa hoja ya Herrick. Kama mtu anaweza kuishi siku mbili na zaidi na mshipa ulioziba, basi wapo wanaoishi wiki, wapo wanaoishi miaka, na wapo waliokwisha pita mikononi mwa madaktari wakiandikiwa kwamba wamevimbiwa. Alishauri mgonjwa apewe mapumziko kamili kitandani. Makala ilipokelewa kwa ukimya, na Herrick mwenyewe alisikitika kwamba wenzake hawakuonyesha hamu yoyote. Hawakuwa wakaidi tu. Wakati huo daktari alikuwa na masikio yake, vidole vyake na maneno ya mgonjwa, na kwa vitu hivyo vitatu shambulio la moyo, kiungulia na jiwe la nyongo vinaweza kufanana kabisa. Kilihitajika kifaa.

Kifaa chenyewe kilikuwa tayari kimezaliwa. Mwaka 1887 Augustus Waller alionyesha London kwamba umeme wa moyo wa binadamu unaweza kupimwa kutoka juu ya ngozi. Katika maonyesho yake alimtumia mbwa wake Jimmie, aliyesimama kwa utulivu miguu ikiwa ndani ya mabakuli ya maji ya chumvi. Picha zilizotoka zilikuwa hafifu. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mzaliwa wa Semarang katika kisiwa cha Java, alizipatia ubora mwanzoni mwa karne ya 20. Alitundika uzi mwembamba mno wa kioo cha kwatzi uliopakwa fedha katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilihitaji watu watano kuiendesha na maji ya kupoza sumaku. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa haikuwezekana kuihamisha mashine kuwafuata wagonjwa, Einthoven alivuta waya wa kilomita 1.5 kutoka hospitali hadi maabara yake, akaanza kusoma mioyo ya watu ambao hakuwaona. Herufi P, Q, R, S na T alizoyapa mawimbi ya mchoro ndizo zinazotumika mpaka leo katika kila zahanati yenye mashine ya ECG, yaani ya kuchora umeme wa moyo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Herrick aliikumbatia mashine hiyo, na mwaka 1918 alionyesha kwamba mchoro wa mtu aliyezibwa ateri hubadilika. Mwaka 1920 Harold Pardee wa New York alilieleza badiliko lenyewe: kipande cha mstari kati ya S na T, ambacho kwa kawaida hulala, hunyanyuka juu. Ni ishara ndogo, milimita chache za karatasi, lakini mpaka sasa ndiyo inayoamua kama mgonjwa akimbizwe moja kwa moja kuzibuliwa mshipa. Miaka ya 1930 Frank Wilson wa Michigan aliongeza vipimo vya kifuani, na kufikia mwaka 1942 mchoro wa pande 12 ulikuwa umekamilika. Shambulio la moyo likawa na sura.

Kulitambua ni jambo moja, kulitibu ni jingine, na kwa miaka 40 baada ya Herrick tiba ilikuwa kitanda. Mgonjwa alilazwa chali wiki nne hadi sita. Alipewa mofini, alilishwa na muuguzi, alikatazwa kujigeuza, kunyoa ndevu, hata kwenda msalani. Ilidhaniwa kwamba kovu la moyo lisipoachwa likakomaa litapasuka. Wengi walipata mabonge ya damu miguuni yaliyopanda hadi mapafuni, wakafa kwa tiba. Samuel Levine wa Boston, akiwa na msaidizi wake kijana Bernard Lown, alithubutu kuwakalisha wagonjwa kwenye kiti siku za mwanzo. Matokeo yao kwa wagonjwa 81 yalichapishwa mwaka 1952: hakuna moyo uliopasuka kwa sababu ya kiti. Katika historia hii yote ni vigumu kupata hatua nyingine iliyookoa watu wengi kwa gharama ndogo namna hiyo, na bado ilipigwa vita.

Jinsi tiba ya enzi hizo ilivyokuwa inaonekana wazi katika ugonjwa wa mtu mmoja aliyekuwa na kila kitu. Tarehe 23 Septemba 1955 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alikuwa likizoni Denver, akicheza gofu. Mchana alikula hambaga yenye vitunguu, kisha akalalamika tumbo. Usiku, kama saa nane, akaamka na maumivu ya kifua. Daktari wake, Howard Snyder, alimchoma mofini na kumwacha alale. Asubuhi waandishi wa habari waliambiwa rais amevurugika tumbo. Mashine ya ECG ililetwa mchana wa siku hiyo, saa kumi hivi tangu maumivu yaanze, na mchoro ukaonyesha kwamba sehemu ya mbele ya moyo imeumia vibaya. Rais alitembezwa hadi kwenye gari kwenda hospitali ya jeshi. Jumatatu iliyofuata soko la hisa la New York lilianguka kwa zaidi ya asilimia 6. Bingwa wa moyo Paul Dudley White aliitwa kutoka Boston, akawafundisha Wamarekani kupitia magazeti ateri ya moyo ni nini na kwamba mtu anaweza kupona na kurudi kazini. Eisenhower alilazwa wiki saba hivi, akakalishwa kwenye kiti mapema kwa mtindo wa Levine, akapewa dawa mpya ya kuzuia damu isigande, wafarini, iliyoanza maisha yake kama sumu ya panya. Mwaka uliofuata aligombea tena akashinda, akaishi hadi 1969. Hata hivyo hapakuwa na dawa yoyote iliyoigusa ateri yake iliyoziba. Alipona kwa sababu moyo uliobaki ulitosha.

Wengi hawakubahatika hivyo, na wengi wao walikufa saa za mwanzo kwa sababu inayoweza kuondolewa. Msuli unaokosa damu huchokoza umeme wa moyo, na moyo huacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo. Mwaka 1947 Claude Beck wa Cleveland aliuokoa moyo wa mvulana wa miaka 14 aliyekuwa katika upasuaji kwa kuushtua kwa umeme kifua kikiwa wazi. Mwaka 1956 Paul Zoll alifanya hivyo kupitia ngozi. Mwaka 1960 Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore walitangaza kwamba mikono miwili ikikandamiza kifua kwa mpigo hutosha kusukuma damu mpaka mashine ifike. Ndipo ikaonekana upuuzi wa kumlaza mgonjwa wa moyo kwenye wodi ya kawaida, ambako anakutwa amekufa muuguzi anapopita asubuhi. Desmond Julian alipendekeza mwaka 1961 wagonjwa hao wakusanywe chumba kimoja, mchoro wa moyo ukionekana muda wote, na wauguzi waruhusiwe kuushtua moyo bila kumsubiri daktari. Wodi za aina hiyo zilipoenea, vifo vya hospitalini vilishuka kutoka kama asilimia 30 hadi nusu yake hivi. Badiliko kubwa lilikuwa la madaraka: muuguzi alipewa ruhusa ya kuokoa maisha.

Frank Pantridge wa Belfast aliona kwamba hata wodi hizo zinachelewa. Huyu alikuwa mfungwa wa vita aliyenusurika kambi za Wajapani, na hakuwa mtu wa kuombaomba ruhusa. Mwaka 1966 alifunga mashine ya kushtua moyo, yenye uzito wa kilo 70 na kuendeshwa kwa betri za gari, ndani ya ambulensi, akamfuata mgonjwa nyumbani na barabarani. Miaka michache baadaye kikundi chake kilikuwa na mashine ya kilo tatu.

Wakati huohuo damu ilianza kutoa ushahidi. Mwaka 1954 kikundi cha watafiti wa New York kilionyesha kwamba msuli wa moyo unapokufa huvuja kimeng'enya kinachoweza kupimwa maabara. Kimeng'enya hicho hutoka pia katika ini, kwa hiyo kilipotosha. Vilifuata vingine bora zaidi, mpaka protini ya troponini ilipopata kipimo mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa kwa kazi ya Hugo Katus wa Heidelberg. Troponini ya moyo haipatikani kwingine mwilini. Mwaka 2000 vyama vya wataalamu wa moyo vya Ulaya na Marekani viliiweka katikati ya maana mpya ya ugonjwa, na watu wengi ambao zamani wangeambiwa ni kiungulia wakaingia katika hesabu. Mchoro wa ECG unaweza kuonekana safi kabisa huku troponini ikipanda. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya saa moja hadi tatu.

Kuiona ateri yenyewe kulihitaji kichaa kidogo. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijipenyeza mrija kwenye mshipa wa mkono, akausukuma mpaka moyoni, akashuka ngazi kwenda chumba cha eksirei kupiga picha. Wakubwa wake walimkaripia. Nobel ilimfikia mwaka 1956. Hata yeye hakuthubutu kugusa ateri za moyo. Iliaminika dawa ya picha ikimwagwa humo mtu atakufa. Tarehe 30 Oktoba 1958, katika kliniki moja ya Cleveland, Mason Sones alikuwa akipiga picha ya aota ya kijana wa miaka 26 pale ncha ya mrija ilipoteleza na dawa yote ikaingia ateri ya kulia. Moyo ulisimama sekunde chache. Sones alimwamuru akohoe, akakohoa, na moyo ukaanza tena. Tangu hapo ateri za moyo zikawa zinaonekana mtu akiwa hai. Katika kliniki hiyohiyo René Favaloro, aliyewahi kuwa daktari wa kijijini Argentina, alianza mwaka 1967 kuchukua mshipa wa mguu na kuupandikiza uipite sehemu iliyoziba.

Hata hivyo swali la Herrick lilikuwa limerudi kinyumenyume. Miaka ya 1970 wataalamu wa patholojia wenye sifa walidai kwamba bonge halisababishi shambulio; ati linatokea baada ya msuli kufa. Walikuwa na sababu, kwani katika maiti nyingi bonge halikuonekana. Marcus DeWood wa Spokane, Marekani, alifanya ambacho wengine walikiogopa: aliwapiga picha za ateri wagonjwa wakiwa katikati ya shambulio. Mwaka 1980 alichapisha matokeo. Kati ya wagonjwa 126 waliopigwa picha ndani ya saa nne za mwanzo, 110 walikuwa na ateri iliyoziba kabisa. Kwa waliochelewa saa 12 hadi 24, idadi ilishuka hadi asilimia 65. Mwili ulikuwa ukijaribu kuliyeyusha bonge wenyewe, ila ulichelewa, na aliyechunguza maiti alikuwa amechelewa zaidi.

Dawa ya kuyeyusha bonge ilikuwa inangoja tangu 1933, William Tillett alipogundua kwamba bakteria wa streptokokasi hutoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Streptokinesi ilijaribiwa huku na huko kwa miongo kadhaa, majaribio yakiwa madogo mno kuweza kuamua lolote. Waitaliano ndio waliokata shauri. Jaribio lao la GISSI, lililochapishwa mwaka 1986, liliwahusisha wagonjwa 11,806: waliopewa streptokinesi walikufa asilimia 10.7, wasiopewa asilimia 13. Tofauti inaonekana ndogo mpaka muda utazamwe. Kwa waliotibiwa ndani ya saa moja tangu maumivu yaanze, vifo vilipungua kwa karibu nusu. Kwa waliochelewa zaidi ya saa sita, faida iliyeyuka.

Miaka miwili baadaye likaja jaribio la ISIS-2, wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Lilipima streptokinesi na aspirini. Kuhusu aspirini palikuwa na mtu aliyetangulia: Lawrence Craven, daktari wa kawaida wa Glendale, California, ambaye miaka ya 1940 aliona kwamba wagonjwa wake waliotafuna aspirini baada ya kukatwa mafindofindo walitoka damu nyingi, akafikiri kinachozuia damu kuganda kooni kitazuia pia moyoni. Aliandika katika majarida madogo, hakusikilizwa, na alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1957. ISIS-2 ilimpa haki yake: miligramu 160 za aspirini kwa siku zilipunguza vifo kwa asilimia 23, streptokinesi kwa 25, zote mbili kwa 42. Wahariri wa jarida walipotaka matokeo yagawanywe kwa makundi mengi ya wagonjwa, watafiti walikubali kwa sharti la kuongeza kundi la nyota za kuzaliwa. Jedwali likaonyesha kwamba aspirini haiwafai wenye nyota ya Mapacha na Mizani. Ilikuwa dhihaka, na ni somo la takwimu ambalo wengi bado hawajalielewa.

Streptokinesi ina kasoro: hushindwa kuifungua ateri kwa wagonjwa wengi, na mara chache humwaga damu kwenye ubongo. Njia nyingine ilikuwa ikipikwa jikoni, kwa maana halisi ya neno. Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyefanya kazi Zurich, alitumia jioni zake kwenye meza ya jikoni kwake akiunganisha mirija, nyuzi na gundi mpaka akapata kiputo kidogo kinachovimba bila kupoteza umbo. Tarehe 16 Septemba 1977 alikipenyeza ndani ya ateri ya moyo ya mwanamume wa miaka 38 mwenye anjaina, akakivimbisha, akakitoa. Mgonjwa alikuwa macho. Ateri ilifunguka, na miaka 10 baadaye picha ilionyesha bado iko wazi. Grüntzig mwenyewe hakuiona picha hiyo, kwa sababu mwaka 1985 alikufa kwa ajali ya ndege. Kufikia hapo Geoffrey Hartzler wa Kansas City alikuwa ameanza kutumia puto katikati ya shambulio lenyewe badala ya dawa. Mwaka 1986 Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne waliweka stenti za kwanza, wavu mdogo wa chuma unaoizuia ateri isijifunge tena. Kufikia miaka ya 1990 tafiti zilikuwa zimeonyesha kwamba puto, likiwahi, hushinda dawa ya kuyeyusha. Ndipo ukaja utaratibu wa leo: ECG ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, ateri ifunguliwe ndani ya saa moja na nusu hadi mbili, na kama mtambo uko mbali mno, dawa ya kuyeyusha itolewe palepale.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kama mfano wa watu wasiougua. Mwaka 1960 watafiti walilinganisha uchunguzi wa maiti wa Kampala na wa St. Louis, Marekani: katika mioyo 632 ya Uganda waliona mmoja tu wenye kovu la shambulio, ilhali katika idadi kama hiyo ya St. Louis walihesabu 136. Gerald Shaper wa Makerere, aliyekuwa ameandika juu ya jambo hilo mwaka 1959, alionyesha pia kwamba Waasia wa Kampala, walioishi mji huohuo, waliugua sana. Hivyo tofauti haikutokana na hewa wala jua, bali na vyakula, kolesteroli na namna ya kuishi. Somo lilikuwa sahihi kwa wakati wake, lakini vizazi vya wanafunzi wa udaktari walilikariri kama kwamba Mwafrika hapatwi na shambulio la moyo. Maisha ya mijini yakabadilika; presha, kisukari, sigara na unene vikaongezeka; somo likabaki lilelile. Mwaka 2004 utafiti wa INTERHEART katika nchi 52, za Afrika zikiwemo, ulionyesha kwamba visababishi vilevile ndivyo vinavyofanya kazi kila mahali.

Leo mitambo ya kuzibua ateri ipo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa 2015, ipo Nairobi na Kampala. Kikwazo kikubwa kiko kabla ya mlango wa chumba hicho. Utafiti uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa mjini Moshi uliwapima ECG na troponini wagonjwa waliofika na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Wengi waliokuwa na shambulio la moyo walikuwa wameandikiwa ugonjwa mwingine, na wachache tu walipata aspirini. Wengine kabla ya hapo huwa wameshazunguka maduka ya dawa wakinunua dawa za vidonda vya tumbo. Wanawake na wenye kisukari huwa katika hatari zaidi ya kupitwa, kwa sababu kwao shambulio linaweza kuja kama uchovu, jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi fupi, kifua kikiuma kidogo au kisiume kabisa.

Hospitali ya wilaya isiyo na mtambo wa puto haiko mikono mitupu. Mtu mzima anayefika na kifua kinachobana, maumivu yanayopanda tayani au kushuka mkono wa kushoto, jasho na kichefuchefu, anastahili kufungwa waya za ECG kabla ya kuulizwa alikula nini, na kupewa aspirini ya kutafuna kabla ya gari la rufaa kutafutwa.